Usinihubirie nidhamu, nionyeshe mipangilio

Kila Januari kuna mtu hutusambazia ujumbe wa kutuonya kuhusu simu zetu. Weka simu chumba kingine. Zima intaneti saa tatu usiku. Futa Facebook. Kaa siku saba bila skrini, kama aliyefunga, urudi ukiwa mtu mpya. Ujumbe wenyewe huja kwa WhatsApp, ukiwa na ile alama ya kwamba umesambazwa mara nyingi, na hulia kengele nikiwa katikati ya kazi.

Jamani, mahubiri haya yamenichosha. Si kwamba simu hazitusumbui. Zinatusumbua, na hasara yake si ndogo. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alieleza jambo ambalo kila mwandishi wa programu alikuwa akilijua tayari bila kusoma popote: ukitolewa kwenye kazi kabla hujaimaliza, sehemu ya akili yako hubaki kule ulikotoka, na hiyo ya pili unaifanya ukiwa nusu mtu. Kwa hiyo kengele ya sekunde mbili hailipwi kwa sekunde mbili. Inalipwa na mwanafunzi aliyekuwa karibu kuelewa hesabu, na muuguzi aliyekuwa akisoma kipimo cha dawa.

Kinachonichosha ni kwamba mahubiri hayo yanampandisha kizimbani mtu asiyefaa. Mimi riziki yangu ni kuandika programu za simu, na najua simu inalia kwa nini. Inalia kwa sababu kuna mtu aliyesomea yale niliyosomea mimi, akakaa mbele ya tarakilishi, akaandika mstari wa kuifanya ilie, kisha akauacha ukiwa umewashwa. Hapo kwenye neno "umewashwa" ndipo ugomvi wangu ulipo. Katika kazi yetu tunaita chaguo-msingi: vile programu inavyokuja kabla wewe hujagusa kitu chochote.

Na watu hawagusi. Yeyote aliyewahi kutengeneza programu ikatumiwa na watu zaidi ya marafiki zake anajua hivyo. Mama yangu ana simu ya Android kwa mwaka wa nne sasa, na ukurasa wa mipangilio ameufungua mara moja, kwa bahati mbaya, akanipigia akiniambia simu imeharibika. Hana kosa. Alinunua simu ili azungumze na watu wake na atume pesa, si ili awe fundi wake. Kwa hiyo anayeamua chaguo-msingi ndiye anayeamua maisha ya watu wengi yatakavyokuwa, na huyo haitwi mtumiaji. Huyo ni sisi.

Chukua mfano wa arifa, maana wengi hawaujui. Apple walipoleta arifa za kusukumwa kwenye iPhone mwaka 2009, programu ilibidi iombe ruhusa kwanza. Unaulizwa, unakataa, yamekwisha. Kwenye Android haikuwa hivyo. Hadi Android 13 iliyotoka mwaka 2022, programu yoyote uliyoiweka ilikuwa na haki ya kukupigia kengele tangu dakika ya kwanza, na kazi ya kuizima ilikuwa yako, ukijua pa kwenda. Sasa tazama nani anatumia nini hapa kwetu. Tangu Huawei IDEOS iingie madukani mwaka 2011 kwa takriban shilingi 8,000, simu janja ya Mkenya wa kawaida imekuwa Android, tena mara nyingi ya bei nafuu, inayokaa na toleo lilelile la mfumo mpaka skrini ivunjike. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka kumi mwenye pesa za iPhone aliulizwa kama anataka kusumbuliwa, na mama mboga hakuulizwa. Halafu leo tunamwambia mama mboga hana nidhamu.

Ukipita stendi ya magari ya Machakos pale Nairobi ukiwa na begi, manamba watatu watakuvuta, mmoja kila upande na wa tatu ameshabeba begi. Sijawahi kusikia mtu akimwambia abiria aende akajifunze kuwa makini zaidi na kutembea. Tunawalaumu manamba, na kaunti inatakiwa kuwadhibiti. Lakini begi likivutwa kwenye skrini, abiria ndiye mkosaji.

Nitakupa mfano ulio karibu zaidi, vikundi vya WhatsApp, kwa sababu hapo ndipo wahubiri huonekana hawaishi nchi hii. "Toka kwenye vikundi visivyo na maana." Vipi hivyo? Mimi niko kwenye kikundi cha chama, cha ukoo upande wa mama, cha ukoo upande wa baba, cha jengo ninamokaa (humo ndimo hutangazwa maji yakikatika), cha darasa letu la chuo, na vikundi vitatu vya kamati za mazishi ambazo marehemu walishazikwa zamani. Kimoja cha hivyo vya mazishi sasa huuza kuku wa kienyeji. Kila asubuhi, kabla ya saa kumi na mbili, ua waridi na maneno ya baraka kutoka kwa shangazi, likifuatwa na "Amina" thelathini na nne.

Sasa tazama jinsi kitu hiki kilivyojengwa. Mtu yeyote mwenye namba yako alikuwa anaweza kukutia kwenye kikundi bila kukuuliza. Mpangilio wa kumzuia ulikuja mwaka 2019, na hata huo unakuja ukiwa umeachwa wazi kwa kila mtu. Kunyamazisha kikundi moja kwa moja hakukuwezekana mpaka Oktoba 2020. Kabla ya hapo upeo ulikuwa mwaka mmoja, kana kwamba mwaka ukiisha utakuwa umewakumbuka. Na kutoka? Ukitoka, programu ilitangaza mbele ya watu wote kwamba fulani ameondoka. Katika nchi hii kutoka kwenye kikundi cha ukoo kwa tangazo si kupanga muda wako, ni kuvunja undugu. Utapigiwa simu. Utaulizwa nani alikukosea. Mzee mmoja atasema alijua tangu zamani kwamba ulishabadilika ulipofika Nairobi. Ilikuwa mwaka 2022 ndipo WhatsApp ilipobadilisha, tangazo la kutoka likaonekana na wasimamizi peke yao.

Hebu jiulize: kati ya 2021 na 2022 Wakenya walipata nidhamu gani mpya? Hakuna. Mtu fulani, katika ofisi iliyo mbali sana na hapa, alibadilisha ni nani anaonyeshwa sentensi moja, na watu ambao walikuwa wamekwama wakapata mlango wa nyuma. Hiyo ndiyo nguvu ninayoizungumzia.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya Marekani kuhusu umakini haviligusi, nalo ni bei ya bando. Wao huandika kana kwamba intaneti ni moja, na mtu mzembe huchagua TikTok badala ya kusoma. Hapa kampuni za simu zimekuwa zikiuza vifurushi vya mitandao ya kijamii peke yake, kwa bei ya chini kuliko intaneti iliyo wazi. Novemba 2014 Facebook na Airtel walileta hapa Internet.org, ile iliyokuja kuitwa Free Basics: kurasa chache zilizochaguliwa na wao bure, dunia iliyobaki kwa pesa. India walitazama mpango huo, na Februari 2016 mamlaka yao ya mawasiliano ikakataza kutoza bei tofauti za data kulingana na unachofungua. Sisi tulifurahia ofa.

Mwenye bando la WhatsApp pekee akitumiwa kiungo cha habari hakifunguki. Anaona kichwa cha habari, anaona picha, basi. Anachoweza kufanya nacho ni kukisambaza, na hicho ndicho anachofanya. Wikipedia ni ghali kwake, hata mwongozo wa mtihani kwenye tovuti ya shule ni ghali, lakini kelele ni nafuu. Mtu huyo ukimwambia achague vizuri anachotazama, unamtania. Uchaguzi ulishafanywa kwenye jedwali la bei.

Najua mtakaloniambia wenzangu wa kazi. Mtasema watu wenyewe wanapenda, angalia takwimu, wanakaa humo masaa. Hoja hii hutolewa kila mkutano, na ni dhaifu kuliko zote. Muda hupimwa kwa sababu ni rahisi kupima. Seva haina safu ya kuandika kwamba mtu alifunga simu saa saba usiku akijichukia. Ukurasa usiokwisha, ule unaojiongeza ukifika chini, ulibuniwa na Aza Raskin mwaka 2006, na baadaye yeye mwenyewe alisema hadharani anaujutia. Novemba 2017 Sean Parker, rais wa kwanza wa Facebook, alieleza bila kubanwa na mtu kwamba swali lililowaongoza walipokuwa wakijenga lilikuwa jinsi ya kula muda na umakini wa watu kadiri inavyowezekana. Januari 2018 Neal Mohan wa YouTube alisema zaidi ya asilimia 70 ya muda wa kutazama pale hutokana na mapendekezo ya algoriti. Soma tena hiyo. Watu walifungua mlango kwa sababu moja, na sehemu kubwa ya muda wao ikatumika kwa kitu ambacho hawakukitafuta. Ukiniambia huko ndiko kupenda, basi hata njiwa wa Skinner walipenda: wale waliofundishwa miaka ya 1950 kudonoa kitufe, na ambao hawakuacha kudonoa pale punje zilipokuja bila mpango.

Na wala usidhani haya ni ya California tu. Kuna mteja mmoja wa hapa Nairobi, mwenye programu ya mikopo midogo, aliyekuja kwangu na orodha ya mabadiliko. La tatu kwenye orodha lilikuwa: weka kadoa kekundu kwenye aikoni kila asubuhi, hata kama hakuna ujumbe.

Nikamuuliza, "Bosi, akifungua akakuta hakuna kitu?"

"Hakuna shida, ameshafungua."

"Na ile ofa ya mkopo inatokea hapohapo."

"Sasa tunaelewana," akasema, akacheka.

Sikuiandika. Wiki mbili baadaye kazi ilipewa kijana mwingine, na kadoa kakaja. Simlaumu kijana, ana kodi ya nyumba kama mimi. Lakini mtu mahali fulani aliamka asubuhi, akaona kadoa, akafungua, na akakopa pesa ambazo alipokuwa akipiga mswaki hakuwa anazihitaji. Mtu huyo sasa analipa riba, na mitandaoni anaambiwa ajifunze kujitawala.

Tena programu za mikopo zinatufundisha kwamba njia nyingine ipo. Mnakumbuka zilivyokuwa zikisoma orodha ya namba zako zote, ukichelewa kulipa wanampigia mama mkwe na bosi wako? Hatukuwashauri wakopaji wafute namba za mama mkwe. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali zinazokataza kuwasumbua jamaa na marafiki wa mkopaji bila idhini, na mwaka 2023 Google ikazizuia programu za mikopo zilizo kwenye duka lake kugusa orodha ya namba na picha. Sisemi usumbufu wote umekwisha. Nasema kifaa cha kusumbulia kiliondolewa kwenye programu, badala ya kumwachia aliyesumbuliwa ajitetee.

Kinyume chake ni lile ombi lililopelekwa Bungeni Agosti 2023 likitaka TikTok ipigwe marufuku kabisa. Silitaki hilo hata kidogo. Juni 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, vijana walisoma vifungu vya mswada kwenye TikTok, wakavifafanua kwa lugha za nyumbani, wakajadiliana kwenye X maelfu kwa maelfu usiku kucha. Huo ulikuwa umakini, tena wa kiwango ambacho shule zetu hazijawahi kutupa. Anayetaka kufunga mitandao kwa jina la kutuokoa na upotevu wa muda huwa na mengine anayotaka tusiyaone. Mlango ubaki wazi. Ninachokataa ni mlango unaonifuata jikoni.

Jambo la kudai lipo, na wengine wameshalidai. Sheria ya huduma za kidijitali ya Umoja wa Ulaya, ya mwaka 2022, inazilazimu tovuti kubwa kabisa zitoe angalau mlisho mmoja usiotegemea tabia za mtumiaji. Instagram ilikuwa na mlisho wa namna hiyo tangu Machi 2022, wa watu unaowafuata kwa mpangilio wa wakati, lakini ukifunga programu na kuifungua tena unakuta umerudishwa kwa algoriti. Oktoba 2025 mahakama ya Amsterdam, katika kesi iliyoletwa na shirika la Bits of Freedom, iliamuru Meta iheshimu chaguo hilo, libaki lilivyochaguliwa. Angalia kesi nzima ilihusu nini! Kitufe kilikuwepo. Kesi ilikuwa kama kitufe kitakaa pale ulipokiweka. Watu wasioandika programu wanaweza kuona ni jambo dogo la kupelekea mahakamani. Mimi naona hao mawakili waliuelewa mfumo kuliko wahubiri wote wa Januari.

Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na ofisi ya kamishna wake. Kuna ugumu gani wa kudai kwamba simu inayouzwa Kenya ije na arifa za matangazo zikiwa zimezimwa, hata kama ina toleo la zamani la Android? Au kwamba chaguo la mtumiaji lisirudishwe nyuma kila programu inaposasishwa? Haya hayahitaji kumfungia mtu yeyote mdomo.

Najua kabla sijamaliza kuna atakayeuliza mimi mwenyewe nafanyaje, basi nitasema upesi. Kwenye simu, arifa zinazolia ni za watu, si za programu: simu zinazopigwa, SMS, na M-Pesa. Nyingine zote nimezizima kwa kubonyeza arifa yenyewe kwa muda mrefu ilipotokea, moja baada ya nyingine, na ilinichukua kama wiki mbili. Facebook na X nazifungua kwenye kivinjari tu, kwa sababu huko ni wazito na hawana nguvu ya kunipigia kengele. Habari nazisoma kwa RSS, teknolojia ya mwaka 1999 ambayo wengi wanadhani ilikufa Google Reader ilipofungwa 2013. Haikufa. Uzuri wake ni kwamba inaisha: umesoma kumi na mbili, hakuna ya kumi na tatu, unaenda zako. Kwenye tarakilishi, saa za kazi nina faili ya hosts inayozielekeza tovuti tano kwenye 127.0.0.1. Ni mistari mitano, haina usajili wa kila mwezi.

Lakini tazama vizuri orodha hiyo. Kila kitu ndani yake kinahitaji ujuzi, au muda, au bando lililo wazi. Nimeweza kwa sababu nilisomea kompyuta. Mama yangu nilimfanyia mimi, alipokuja Nairobi Desemba, na nilichukua jioni nzima. Alifurahi, akaniuliza kwa nini haikuja hivyo kutoka dukani. Sikuwa na jibu la kumpa ambalo lisingetutia aibu sisi tulio kwenye kazi hii.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwenu mnaoandika. Tangu Android 8 ya mwaka 2017 kila arifa ina idhaa yake, na unapoiunda unataja uzito wake. Ukiandika IMPORTANCE_HIGH, simu italia na bango litashuka juu ya chochote mtu anachofanya. Ukiandika IMPORTANCE_LOW, ujumbe utakaa kimya kwenye orodha ukimsubiri mwenyewe. Ukishaiunda, msimbo wako hauwezi kuupandisha uzito huo tena. Ni mtumiaji peke yake. Kwenye kazi ninayoifanya sasa, ya duka moja la vipuri, nimeiweka idhaa ya ofa kwenye LOW na ya "mzigo wako umefika" kwenye HIGH. Mteja hajauliza bado. Akiuliza nitamweleza, na akitaka nibadilishe itabidi tukae chini tuzungumze.